Tasa

Ilipita mkononi mwangu, dirisha la tatu, Ruwi,
mwisho wa mwezi, foleni imevuka mlango,
mafundi wanapeleka mishahara Kerala na Sylhet:
noti ya riali moja, imekunjwa mara nne,
ina jasho, ina harufu ya saruji.
Nambari yake 99990001.
Nikatoa riali yangu mfukoni, nikaibadili.
Hesabu ya jioni haikupungua hata baisa.

Nikampelekea Shangazi Ghaniya, Al Khuwair, ghorofa ya pili,
aliyesomesha hisabati miaka thelathini na mmoja
kwa Kiarabu, ila kwenye kutoa,
akikopa kumi, hukopa kwa Kiswahili cha Wete.
Akavaa miwani. Hakuuliza nimeipata wapi.
"Tarakimu zake, jumla thelathini na saba. Tatu haimo.
Saba inaacha sita. Kumi na moja inaacha moja.
Kumi na tatu inaacha saba.
Chai yako inapoa."

Akagawa wiki sita, kwa penseli,
nyuma ya bili za umeme,
kwa kila namba isiyogawanyika iliyo chini ya elfu kumi,
nazo ni elfu moja mia mbili ishirini na tisa.
Nikamwambia simu yangu itamaliza kabla hajapiga chafya.
"Simu yako itajua," akasema. "Na mimi je?"

Usiku mmoja akafika 9973, ya mwisho.
Zikabaki mia saba na tatu.
Akailaza penseli.
"Tasa," akasema,
kama mtu anayeitikia jina lake kwenye orodha.

Neno hilo najua alikolikuta.
Ibra, mwaka wa themanini na mbili, nyumbani kwa mume,
mawifi walilisema nyuma ya pazia wakipakua halwa
wala hawakupunguza sauti.
Mwaka wa tano akarudi kwao na sanduku na cherehani.
Sisi tumelelewa tusilitamke mbele yake.
Hata mbuzi wa jirani asiyezaa
tulimwita mgonjwa.

"Kwa Kiarabu huitwa awali," akasema. "Namba ya kwanza,
isiyotanguliwa. Hivyo ndivyo nilivyowasomesha wasichana.
Ni sisi, kwa lugha yetu tamu, tuliozipa tasa."
Akaigeuza bili.
"Haya. Haigawanyiki. Nani kasema haina kitu ndani?"
Akachukua moja, akaigawa kwa namba ile,
desimali zikaanza kutoka:
sifuri saba, moja, sifuri nne,
tisa saba, nane, tisa nne,
kisha zile zile, kisha zile zile.
Ishirini na nne kila duru,
na hakuna tasa nyingine, akasema,
ndogo wala kubwa, yenye duru kama hiyo.

"Zisome kwa saa zetu, si za ofisini kwako.
Kumi na mbili za usiku, kumi na mbili za mchana.
Weka saa moja juu ya saa moja, mbili juu ya mbili:
kila mahali jumla ni tisa."
Nikaweka kidole. Kweli.
Usiku wote mtupu, ila saa nane kuna moja.
Mchana wote umejaa, ila saa nane pamepungua moja.
"Shangazi, saa nane ya usiku kuna nini?"
Kiyoyozi kilinguruma, kikanyamaza.
"Huwa naamka," akasema.

Nilipopita tena, Ijumaa, noti haikuwapo mezani.
Kampa kijana wa dukani, kaleta mikate na maziwa
na chenji, baisa mia tatu.
Nilipiga kelele, sina budi kukiri.
Yeye alikuwa anapaka samli.
"Nambari ninayo," akasema. "Ile ilikuwa karatasi.
Kaa ule."